Ndege wa Lubumbashi na vumbi la watoto wetu

Tarehe 4 Novemba 2025, maji machafu ya kiwanda cha kuchenjua madini cha kampuni ya CDM yalimwagika na kuingia katika mitaa ya komine yetu ya Annexe, hapa Lubumbashi, hasa upande wa Kasapa. Wiki hiyohiyo Waziri wa Madini, Louis Watum, aliamuru kazi za kampuni hiyo zisimamishwe kwa miezi mitatu. Wapendwa wa Goma, Bukavu, Uvira na Bunia huenda mliisikia habari hii kama habari ya madini na fedha, kobalti na Wachina. Huku kwetu ilikuwa habari ya visima. Mama alitaka kujua kama maji ya kisima chake bado yanafaa kupikia bukari. Mwenye bustani ya lengalenga aliuliza kama ang'oe au avune. Wazazi waliuliza juu ya miguu ya watoto waliokanyaga matope yale.

Maswali hayo yote ni ya haki. Mimi naongeza moja ambalo baadhi ya washarika wangu walilicheka nilipolitaja kwenye mkutano wa wazee: ndege je? Simaanishi ndege za uwanja wa Luano. Namaanisha shomoro wa chini ya mabati, njiwa wa barazani, kunguru mwenye kifua cheupe anayetembea kwenye takataka kama afisa wa kodi. Wamekunywa maji yaleyale, wameoga katika vumbi lilelile, na hakuna aliyewahamisha. Mzee mmoja alinijibu kwamba watu wakiwa na shida, mchungaji hawezi kuhesabu kunguru. Nampenda mzee huyo, lakini naona hesabu yake imepinduka. Katika mji wa madini, ndege ni mojawapo ya njia za bei nafuu za kujua kinachoingia mwilini mwa mtoto.

Nieleze kwa nini, maana jambo hili si la mashairi, ni la mwili.

Ndege hapumui kama sisi. Sisi tunavuta hewa ndani na kuitoa kwa njia ileile, kama mlango mmoja wa kuingilia na kutokea. Ndege ana mifuko ya hewa mwilini, na hewa hupita katika mapafu yake kuelekea upande mmoja bila kukatika, anapovuta na anapotoa. Ndiyo sababu anaweza kuruka juu sana bila kuishiwa pumzi. Ndiyo sababu pia gesi yenye sumu humwangusha kabla yetu. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza waliijua siri hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanasayansi John Scott Haldane alipendekeza waingie shimoni na mnyama mdogo, na wakazoea kubeba ndege wa manjano aitwaye kanari, jamaa ya chiriku, ndani ya kizimba. Ndege akilegea, wote walitoka mbio. Desturi hiyo iliachwa mwaka 1986 tu, mashine ziliposhika nafasi yake. Sisi tunaoishi juu ya shaba, ambako tanuru la kwanza la Lubumbashi lilianza kuyeyusha mwaka 1911, tungepaswa kuielewa desturi hiyo kuliko watu wengine.

Kisha kuna firigisi. Kila aliyechinja kuku nyumbani amewahi kuipasua na kukuta mchanga na vijiwe. Ndege hana meno. Humeza punje za changarawe ili zimsagie chakula. Kwenye udongo safi, hizo ni punje tu. Kwenye udongo ulioanguliwa majivu ya tanuru, au karibu na ua ambako mawe ya madini huvunjwa na kuoshwa, punje hizo zina shaba, kobalti, risasi, kadimiamu. Firigisi huzisaga siku nzima, asidi ya tumbo huziyeyusha, na damu huzipokea. Ongeza kwamba shomoro huoga kwa vumbi ili kuondoa wadudu kwenye manyoya, kisha huyasafisha manyoya kwa mdomo. Anakula mtaa wake, kwa maana halisi ya neno.

Sasa mtazame mtoto wa miaka miwili anayetambaa uani. Mkono chini, mkono mdomoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji, walipima mkojo wa watu wa Katanga na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Waliokuwa wakiishi karibu na migodi na viwanda, chini ya kilomita 3, walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko ilivyowahi kuripotiwa popote kwa watu wa kawaida, yaani watu wasiofanya kazi ya kiwandani. Kazi iliyofuata ya kundi hilohilo iliuliza: inaingilia wapi? Kwa watu wazima, chakula kilichootea hapa, hasa mboga, kilikuwa na sehemu kubwa. Kwa watoto, jibu lilielekea kwenye vumbi. Mtoto na shomoro wanakula meza moja.

Hapa ndipo naposimamia hoja yangu, na naiunga mkono kwa mambo yaliyokwisha kutokea kwingine.

La kwanza liko jirani. Ukitoka hapa kwa barabara ya Kasumbalesa, ukavuka mpaka na kupita miji ya shaba ya Zambia, utafika Kabwe. Kabwe ilichimba risasi na zinki kwa karibu karne nzima, na mgodi ulifungwa mwaka 1994. Mgodi ulifungwa, vumbi halikufungwa. Watafiti wa Zambia na Japani, John Yabe na wenzake, waliwachinja kuku wa kienyeji waliokuwa wakijitafutia chakula karibu na mgodi huo na kupima viungo vyao. Mwaka 2013 walichapisha habari za risasi waliyoikuta. Mwaka 2015 watafiti haohao walichapisha vipimo vya damu ya watoto wadogo wa vitongoji vya Makululu, Chowa na Kasanda. Kila mtoto aliyepimwa alikuwa amepita kiwango ambacho wataalamu wa wakati ule walikitumia kama kengele ya hatari. Risasi haiui kwa kelele. Inapunguza akili ya mtoto polepole, na mwalimu anasema huyu ni mvivu.

La pili liko mbali, Australia, katika mji mdogo wa bandari uitwao Esperance. Jina hilo ni la Kifaransa, nanyi mnajua maana yake. Mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007 ndege wa mwituni walianza kuanguka kutoka mitini mjini humo. Ilikadiriwa kwamba walikufa kama 9,500. Watu waliogopa ugonjwa, au dawa ya wadudu. Uchunguzi ukaonyesha risasi: unga wa madini hayo ulikuwa ukipakiwa kwenye meli bandarini na upepo ukiusambaza juu ya mji. Ndipo walipopima matangi ya maji ya mvua majumbani, na damu ya watoto, na kukuta risasi humo pia. Shehena ilisimamishwa, bunge la jimbo likafanya uchunguzi. Fikiri mji ule ungefagia ndege wale na kuwatupa tu. Ndugu wa Goma, ninyi mnaokinga maji ya paa, mnaelewa tangi la mvua ni nini.

La tatu ni la jiji kubwa kabisa. New York ina njiwa wengi, na wagonjwa huokotwa na kupelekwa kwa watu wanaowatibu. Fayme Cai na Rebecca Calisi walichukua vipimo vya damu vya njiwa 825 waliopokelewa kati ya 2010 na 2015 na kuvilinganisha na takwimu za afya za watoto wa mtaa kwa mtaa huko Manhattan. Mitaa ambako njiwa walikuwa na risasi nyingi zaidi ndiyo ilikuwa pia na watoto wengi zaidi wenye risasi. Njiwa hahami sana. Anazaliwa, anakula na kufa katika mitaa michache, kwa hiyo mwili wake unaeleza habari ya mitaa hiyo. Mbayuwayu hawezi kufanya kazi hiyo. Yeye hutujia kutoka Ulaya kuanzia Septemba au Oktoba na kuondoka karibu na Aprili. Akiugua, huwezi kujua ameugulia wapi. Shahidi mzuri ni yule asiyesafiri.

Nimetaja sumu kwanza kwa sababu ndiyo shida yetu kubwa, lakini maisha ya mjini humgusa ndege kwa njia nyingine nyingi, na nyingine ni za kushangaza. Mjini Paris, mwaka 2019, Frédéric Jiguet wa jumba la taifa la elimu ya viumbe alichapisha na wenzake kazi juu ya njiwa waliokatika vidole. Kwa muda mrefu watu walidhani ni maambukizi ya kutembea kwenye uchafu. Waligundua kwamba nyuzi na nywele hujifunga kwenye vidole, zinakaza, damu haipiti, kidole kinaanguka. Na vidole vilikosekana zaidi katika maeneo yenye saluni nyingi za nywele, na vilikuwa salama zaidi palipokuwa na bustani nyingi. Niliposoma hilo nilicheka, kisha nikanyamaza. Annexe nzima ina saluni kila kona, na nywele za bandia tunazoziita meshi hufagiliwa nje mlangoni kila jioni. Nywele za kichwa zitaoza siku moja. Meshi ni plastiki. Tangu nisome nimekuwa nikitazama miguu ya njiwa wa mtaa wetu, na sasa siwezi kuacha kuitazama. Dada zetu wa saluni hawahitaji hotuba. Wanahitaji mfuko mmoja wa kutilia mabaki, na mtu wa kuwaambia sababu.

Kelele nazo zimechunguzwa. Uholanzi, katika jiji la Leiden, ndege wadogo wa bustani walionekana wakiimba kwa sauti ya juu zaidi palipo na kelele za magari, ili wasikike. Katika jiji la Sheffield, Uingereza, wengine wameanza kuimba usiku katika maeneo ambayo mchana hayana utulivu. Taa za usiku huharibu usingizi wao na kuwachanganya majira. Kwa upande wa taa, sisi wa Annexe hatuwezi kushtakiwa sana. Umeme wenyewe tunauona kwa bahati. Lakini jenereta tunazo, na vipaza sauti vya ibada za usiku tunavyo pia, nami ni mmoja wa wanaovitumia.

Mtu atasema: mbona kunguru na mwewe wanazidi? Kama jiji linaua ndege, wangekuwa wametoweka. Pingamizi hili ni zito na linastahili jibu, kwa sababu ndilo linalotufanya tulale. Jiji halipigi ndege wote kwa fimbo moja. Linachagua. Anayekula kila kitu, asiyeogopa watu, anayejenga kiota kwenye nguzo ya simu, anastawi. Anayehitaji mti wa miombo wenye tundu, au kichaka, au wadudu wa aina fulani, anaondoka kimya. Huku kwetu misitu imekatwa kwa makala na kwa mashamba: wataalamu wa Lubumbashi waliofuatilia picha za setilaiti za eneo linalolisha jiji makala wanaeleza kwamba msitu ulifunika zaidi ya robo tatu ya eneo hilo mwaka 1990, na tangu hapo umepungua sana. Kila gunia la makala linaloingia Annexe kwa baiskeli limetoka kwenye mti uliokuwa nyumba ya mtu mwenye mabawa. Siwalaumu wabeba makala, hata nyumbani kwangu tunapikia hayo. Nasema tu kwamba tukiona kunguru mia juu ya jalala, tunaona waliobaki, hatuoni walioondoka.

Tena, wingi na afya ni mambo mawili. Kampala ni mfano mzuri. Korongo wakubwa wenye upara, waitwao kaloli kwa Kiganda, wameishi na kuzaa katika jiji hilo kwa miongo kadhaa, na Profesa Derek Pomeroy wa Makerere alitumia miaka mingi kuwahesabu. Wanaishi kwa machinjio na takataka. Jalala la Kiteezi lilipoporomoka Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, dunia iliona kwa saa chache mahali ambapo ndege hao na maskini wa jiji walikuwa wakitafuta riziki kwa pamoja. Wingi wa korongo pale ulikuwa kipimo cha uchafu usiokusanywa. Vivyo hivyo kunguru weusi wa India, walioletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, wameenea pwani yote hadi Kenya, ambako mwaka 2024 shirika la wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaua hadi milioni moja. Wanakula mayai na vifaranga vya ndege wengine. Ndege mmoja akistawi mjini, wengine wanaweza kulipa.

Na hata anayeonekana ameshiba anaweza kuwa na njaa nyumbani. Shomoro mkubwa anaishi kwa makombo ya mkate na unga wa mahindi. Kifaranga chake hakiwezi. Siku za kwanza kinahitaji wadudu. Uingereza ilipoteza sehemu kubwa ya shomoro wake wa mijini, London hasa tangu miaka ya 1990, na watafiti waliofuatilia viota katika mji wa Leicester waliona vifaranga wakifa viotoni wakati wadudu walipokuwa wachache. Wazazi walikuwepo, wanaruka, wanalia juu ya paa, na kizazi kilikuwa kinakatika. Nchini Marekani, Andrea Townsend na wenzake waliripoti mwaka 2019 kwamba makinda ya kunguru wa mjini yalikuwa na mafuta mengi katika damu kuliko ya shambani, kwa sababu ya vyakula vya watu. Lakini, nikiwa mkweli kwa kazi yao, kunguru hao hawakuonekana wameumia kwa muda uliochunguzwa. Walikuwa wanene na wazima. Basi si kila kitu cha jiji ni sumu, na mchungaji asiye makini anaweza kuhubiri zaidi ya ushahidi.

Turudi kwetu. Tanuru la zamani la shaba lilipofanya kazi, pepo za kusini-mashariki zilibeba moshi wake kuelekea kaskazini-magharibi, juu ya mtaa wa Gécamines hadi kilima cha Penga Penga. Kwa miaka mingi udongo wa huko ulijaa metali hata miti ikashindwa kusimama. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu chetu, kama Mylor Ngoy Shutcha, wamejaribu kupanda huko nyasi zinazovumilia shaba ili zishike vumbi lisipeperuke. Mahali pasipo mti hapana wadudu wa majani, na pasipo wadudu wa majani vifaranga havilelewi. Lakini angalia pia upande wa matumaini: nyasi zikishika, vumbi hupungua kwa shomoro na kwa mtoto siku ileile. Hakuna mradi mmoja wa ndege na mwingine wa watu.

Sisi watu wa Biblia hatupaswi kushangaa. Nabii Hosea, sura ya 4, anaunganisha uongo na umwagaji damu wa watu na kudhoofika kwa ndege wa angani na samaki. Nilipokuwa shule ya theolojia tulilisoma fungu lile kama picha ya kishairi ya huzuni. Nikiwa Annexe nalisoma kama taarifa. Na katika Kumbukumbu la Torati 22, Musa anamzuia Mwisraeli kumchukua ndege mama pamoja na makinda yake. Sheria hiyo ndogo ina ahadi ya maisha marefu, ahadi ileile iliyoambatana na amri ya kuwaheshimu baba na mama. Marabi waliligundua jambo hilo zamani na kulistaajabia. Ilhali sisi wavulana wetu wanakuja na manati hadi uani kwa kanisa, na wazee wetu, kabla ya sikukuu, huchokoa viota vya chini ya bati kwa fimbo ya fagio bila kutazama kama kuna makinda. Kuchokoa kiota kitupu baada ya makinda kuruka hakuna gharama zaidi ya kungoja wiki chache.

Sasa jambo la vitendo, nalo linahitaji uangalifu. Mtu akiona ndege wengi wamekufa mahali pamoja, asiwaokote kwa mkono mtupu, asiwape mbwa, na kwa jina la Bwana asiwale. Inaweza kuwa sumu, inaweza kuwa ugonjwa. Ndugu wa Ituri wanakumbuka mwaka 2017, homa ya mafua ya ndege ilipothibitishwa kwenye kuku na bata katika vijiji vya jimbo lao, miezi michache baada ya ndege wa ziwa kufa kwa wingi Uganda, ufukoni mwa Ziwa Victoria. Piga picha, andika tarehe, mtaa na idadi, mwarifu mkuu wa mtaa na daktari wa mifugo. Karatasi yenye tarehe ina nguvu kuliko kilio. Esperance ilishinda kwa sababu kuna watu waliohesabu.

Na pale serikali au kampuni inapokuja kupima baada ya mwagiko kama ule wa Novemba, tusikubali wapime maji ya kisima peke yake. Maji hupita. Leo yanaweza kuonekana masafi, na sumu iko kwenye tope lililokauka likawa vumbi. Tuombe udongo wa uani upimwe, mboga zipimwe, na mayai na maini ya kuku wanaozurura katika mitaa iliyofikiwa. Kuku si ndege wa mwituni, najua, lakini anachokula ndicho anachokula shomoro, tena ana faida moja mbele ya maofisa: ana mwenyewe. Shomoro akifa hakuna wa kudai. Kuku akifa kuna mama mwenye jina, mwenye nambari ya nyumba, aliyetegemea mayai kulipia shule. Ombi lake haliwezi kusukumwa pembeni kirahisi kama langu juu ya kunguru.

Tatizo ninalolitazamia ni hili: kipimo kikionyesha ubaya, mama huyo atapoteza soko. Nani atanunua yai la mtaa uliotajwa kuwa na sumu? Nimewasikia wenye bustani wakisema waziwazi kwamba ni heri wasipimwe. Siwezi kuwalaumu, njaa ya wiki hii ni ya hakika, ugonjwa wa miaka kumi ijayo ni wa kudhaniwa. Kwa hiyo madai ya kupima lazima yaende mkono kwa mkono na madai ya fidia, na yaandikwe katika barua moja, si mbili. Kanisa likipeleka la kwanza bila la pili litakuwa limemfunga mama huyo mzigo ambao lenyewe haliugusi kwa kidole.

Kamati ya maendeleo ya parokia yetu imeanza kuandika barua ya namna hiyo kwa mkuu wa komine. Vijana wa kwaya wamepewa kazi ya kuhesabu viota vya shomoro chini ya mapaa ya mtaa wetu mara moja kwa mwezi, na kuandika ni vingapi vina makinda hai. Mzee yule aliyenicheka ameomba orodha ya upande wake wa barabara aitunze mwenyewe.